Uliza Tukujibu: Uingereza ilishatoka Ulaya, mbona ugomvi hauishi?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Uingereza na Umoja wa Ulaya, ile Brexit. Nimezipunguza kidogo ili zienee ukurasani, ila maneno ni ya wasomaji wenyewe.

SWALI: Habari za kazi mwandishi. Naomba unieleweshe kitu kimoja tu. Waingereza walipiga kura, waliotaka kutoka wakashinda, nchi ikatoka. Miaka inakatika bado nasikia huyu analia huyu anatukana, mara warudi mara wasirudi. Huku kwetu ukishindwa uchaguzi unakaa pembeni unasubiri miaka mitano. Hawa wenzetu shida yao nini hasa? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Salama kabisa kaka. Hilo swali lako ndo mzizi wa yote kwahiyo nitakaa nalo kidogo.

Chukua karatasi yenyewe ya kura, ile ya tarehe 23 Juni 2016. Swali moja, viboksi viwili: Uingereza ibaki mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au ijitoe. Unatia X yako kwa penseli, unaitumbukiza kwenye sanduku, unaenda zako. Sasa ijitoe halafu iende wapi? Hapo karatasi kimya. Ni kama mke na mume wakubaliane usiku kwamba jamani tuhame hapa, asubuhi gari la mizigo liko mlangoni ndo inagundulika mmoja alikuwa anawaza Kibaha mwenzie anawaza Mbeya, na watoto hawakutaka kuhama kabisa.

Maana Umoja wa Ulaya una mambo mengi ndani yake. Kuna soko la pamoja, ambapo bidhaa, huduma, pesa na watu wanapita bila kuzuiwa. Kuna umoja wa forodha, yaani ushuru mmoja kwa mzigo unaotoka nje. Kuna bunge lao, mahakama yao, bajeti yao. Na majirani kila mtu ana mpango wake, Norway imo kwenye soko la pamoja lakini sio mwanachama, Uturuki ina umoja wa forodha na Ulaya lakini kwenye soko la pamoja haimo, Uswisi inaishi kwa rundo la mikataba. Wote hao wako nje ya Umoja! Kwenye kampeni kila kiongozi wa upande wa kutoka alikuwa anainadi "nje" yake, mmoja anasema tutabaki sokoni, mwingine anasema tutavunja kila kitu tuanze upya, na mpiga kura akaichagua ile iliyomgusa.

Matokeo yakaja asilimia 51.9 tutoke, 48.1 tubaki. Ukiyafungua ndani ndo unaona kazi: England na Wales zimesema tutoke, Scotland asilimia 62 wamesema tubaki, Ireland Kaskazini asilimia 55.8 tubaki, London nayo tubaki. Yaani kuna nchi nzima ndani ya ufalme ule ambayo imetolewa huku wengi wake walikataa, na wanasiasa wa Scotland wanaotaka uhuru hawajaacha kulikumbushia hilo hadi leo.

Halafu ikafika bungeni. Theresa May, waziri mkuu wa wakati ule, alihangaika na Ulaya akapata mkataba, akaupeleka kwa wabunge tarehe 15 Januari 2019, wakaukataa kwa kura 432 dhidi ya 202, kipigo ambacho serikali ya kule haikuwahi kukipata bungeni katika zama hizi. Akaurudisha Machi ukakataliwa, akaurudisha tena ukakataliwa. Wabunge wakasema basi tuchague njia sisi wenyewe, wakaletewa njia nane usiku mmoja, wakazikataa zote nane. Tarehe 1 Aprili zikaja nne, zote zikaanguka pia, ile ya kubaki kwenye umoja wa forodha ikaanguka kwa tofauti ya kura 3 tu, 273 kwa 276. Kaka hapo ilikuwa inakaribia miaka mitatu tangu watu wapige kura, na Bunge lenye wabunge 650 haliwezi kusema "kutoka" maana yake nini. Kama wao hawakujua, mama anayeuza chipsi Sunderland angejuaje?

Baadaye Boris Johnson akaingia, akashinda uchaguzi wa Desemba 2019 kwa kuwaahidi watu kwamba atalimaliza, nchi ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na mkataba wa biashara ukakamilika tarehe 24 Desemba mwaka huohuo ukaanza kutumika wiki moja tu baadaye, watu wenye malori na viwanda wakawa na sikukuu ya Krismasi yote ya kujisomea fomu mpya za forodha.

Na kuna Ireland Kaskazini, kipande cha Uingereza kilicho kisiwa kimoja na Jamhuri ya Ireland, ambayo inaumiza kichwa kuliko yote. Ule mpaka wake na Jamhuri ya Ireland una urefu wa kama kilomita 500 na njia za kuvukia zaidi ya 200, na amani ya pale ililetwa na makubaliano ya Aprili 1998 baada ya watu takriban 3,500 kuuawa. Hakuna aliyetaka kurudisha vizuizi na askari pale. Lakini upande mmoja ni Ulaya na mwingine sio, kwahiyo ukaguzi lazima uwepo mahali fulani, wakauweka baharini, kati ya Ireland Kaskazini na kisiwa kikubwa cha Uingereza. Hapo Waprotestanti wanaojihesabu Waingereza damu damu wakaona wamekatwa kutoka kwao. Mwaka 2023 wakalegeza kidogo kwa makubaliano ya Windsor, ndo maana ukiingia supamaketi ya Uingereza unaweza kukuta pakiti ya maziwa au nyama imeandikwa kwamba sio kwa ajili ya Umoja wa Ulaya. Mtu anafungua friji asubuhi atie maziwa kwenye chai anakutana na Brexit.

Sasa umeniambia aliyeshindwa asubiri miaka mitano. Mbunge ukimchoka unamtoa, lakini hii kura ilibadilisha haki za watu moja kwa moja, kijana wa Leeds aliyekuwa anaweza kuamka akaenda kufanya kazi Hispania bila kumwomba mtu ruhusa saivi anatafuta viza. Na vijana wengi walitaka kubaki, wazee wengi walitaka kutoka, kwahiyo ugomvi umeingia mpaka mezani kwa familia.

Ila sikubaliani hata kidogo na wanaosema waliotaka kutoka walikuwa wajinga. Nenda Boston, mji mdogo wa Lincolnshire ulio katikati ya mashamba ya kabichi na viazi, pale asilimia 75.6 walisema tutoke. Mwaka 2004 nchi nane za Ulaya Mashariki zilijiunga na Umoja, Uingereza ikafungua milango siku hiyohiyo wakati Ujerumani na Ufaransa zilisubiri, serikali ikawaambia wananchi watakuja watu elfu tano hadi 13 kwa mwaka, wakaja wengi mno kuliko hapo. Kwa mtu wa Boston nyumba za kupanga zikapanda, foleni kwa daktari ikarefuka, na alipolalamika akaitwa mbaguzi. Wageni wenyewe hawakuwa na kosa, walikuja kufanya kazi ambazo mashamba yalizihitaji. Lakini ni miaka kumi na ushee huyu mtu anapiga kelele hakuna anayemsikiliza, siku akipewa penseli unategemea afanye nini?

Mimi lawama zangu ziko kwa waliokuwa juu. David Cameron, waziri mkuu wa 2016, aliitisha kura ili kutuliza ugomvi wa ndani ya chama chake, na serikali yake ikakataa kabisa watumishi wa umma wasiandae mpango wowote ikitokea watu wamesema tutoke. Kamati ya Bunge lao yenyewe iliuita huo uzembe mkubwa. Asubuhi matokeo yalipotoka akatangaza anajiuzulu. Unauliza watu wako swali la kubadilisha nchi halafu hujaandaa jibu moja kati ya mawili, hapana, hilo siwezi kulitetea.

SWALI: Hivi zile pauni milioni 350 kwa wiki zilizoandikwa kwenye lile basi jekundu la kampeni ya kutoka kwamba zitapelekwa hospitali, zilipatikana? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hesabu yenyewe haikuwa sahihi toka mwanzo. Uingereza ilikuwa na punguzo la mchango wake tangu enzi za Margaret Thatcher, 1984, linakatwa kabla hata pesa haijatoka, kwahiyo kilichokuwa kinaenda ni kama milioni 250, na katika hizo nyingine zilikuwa zinarudi kwa wakulima na kwenye mikoa maskini kama Cornwall na Wales. Mamlaka yao ya takwimu ilisema wakati uleule wa kampeni kwamba ile namba inapotosha, basi likaendelea kutembea. Bajeti ya hospitali iliongezwa kweli miaka iliyofuata, ila pesa ilitoka kwenye kodi na mikopo. Na ofisi yao huru ya makadirio ya bajeti inakadiria kutoka Ulaya kutapunguza tija ya uchumi kwa kama asilimia 4 baada ya muda mrefu, na uchumi ukipungua hivyo na kodi inapungua.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa Mombasa naishi Northampton tangu 2003. Mwaka 2016 nilipiga kura tutoke. Kaka yangu yuko Leicester, yeye alitaka kubaki. Mpaka leo tukikutana kwenye harusi ananiambia mbele ya watu kwamba mimi mhamiaji nimewafungia mlango wahamiaji wenzangu. Mwaka jana mtoto wa dada yetu amekosa viza ya kuja kufanya kazi ya kutunza wazee, ndo kabisa nimekuwa adui. Kweli mimi ndo nimefanya haya? (Mama wa Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Pole, najua inavyouma kusemwa mbele ya watu tena na ndugu wa tumbo moja.

Kwanza nikuambie kitu ambacho wasomaji wengi hawakijui. Kwenye ile kura raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye ukaazi Uingereza waliruhusiwa kupiga, hata kama hawana pasipoti ya kule. Mkenya, Mtanzania, Mganda, hata Mnyarwanda aliruhusiwa, lakini Mpolandi au Mfaransa aliyeishi pale miaka 20, analipa kodi, watoto wanasoma pale, hakuruhusiwa kupiga kura iliyohusu maisha yake mwenyewe. Kwahiyo kura yako wewe na kaka yako ilikuwa na uzito ambao majirani zenu hawakuwa nao.

Na sababu iliyokupeleka huko nadhani naijua ingawa hukuiandika. Watu wa asili ya Asia na Afrika waliambiwa waziwazi kwenye kampeni kwamba Ulaya ndo inawabania ndugu zenu, Mromania anaingia bila viza na mjomba wako wa Mombasa anakataliwa, tukitoka wote watapimwa kwa mizani moja. Lile neno lilikuwa na ukweli ndani yake, na sio dhambi kuliamini. Tena lilitimia kwa muda! Kuanzia Januari 2021 mfumo wa viza wa kuhesabu pointi ukawaweka Wazungu wa Ulaya na sisi kwenye foleni moja, Februari 2022 wakaifungulia viza kazi ya utunzaji wazee, wakaja Wahindi, Wanigeria, Wazimbabwe kwa wingi, na katika mwaka ulioishia Juni 2023 tofauti ya walioingia na waliotoka ikapita laki tisa, namba ambayo Uingereza haikuwahi kuiona ilipokuwa ndani ya Umoja.

Hapo sasa ndo waliopiga kura ili wageni wapungue wakakasirika, na serikali zikaanza kufunga. Machi 2024 wakazuia watunza wazee wasije na wake, waume wala watoto wao. Julai 2025 wakaifunga kabisa njia ya kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje. Mtoto wa dada yenu ameangukia hapo. Mlango huo umefungwa na serikali iliyochaguliwa 2024, kwa sheria za ndani za Uingereza, na serikali hiyohiyo ingeweza kuuacha wazi bila kugusa Brexit hata kidogo. Mwambie kaka hivyo, kwa upole, na sio kwenye harusi. Nendeni mkakae wawili.

Ila naye usimwone anakuchukia bure. Wiki moja kabla ya kura mbunge Jo Cox aliuawa, tarehe 16 Juni 2016, akienda kuonana na wananchi wake kule Birstall, na muuaji alikuwa mtu wa siasa kali za ubaguzi. Baada ya matokeo polisi wakarekodi ongezeko la watu kutukanwa na kupigwa kwa sababu ya asili yao, na aliyekutukania mtoto njiani hakuuliza kwanza wewe ni Mpolandi au ni mtu wa Mombasa. Inawezekana kaka yako kuna jambo lilimpata wakati ule na hajawahi kukusimulia. Muulize.

SWALI: Sisi huku Naivasha tunafanya kazi kwa maua. Brexit ilitufinya ama ilitusaidia? (Msomaji, Naivasha)

JIBU: Iliwapa presha kwanza, maana Kenya haihesabiwi kwenye kundi la nchi maskini zaidi, kwahiyo bila mkataba waridi lenu lingetozwa ushuru wa asilimia 8 kuingia Uingereza wakati majirani zenu wa Tanzania na Uganda wangeingia bure. Kenya ikakimbia ikasaini mkataba na Uingereza Desemba 2020, ukaanza kazi Machi 2021, maua ya moja kwa moja yakapona. Shida ilibaki kwa yale yanayopitia mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi kabla ya kuvushwa Uingereza, hapo njia ikawa na mipaka miwili ya ukaguzi na maswali ya ushuru. Aprili 2024 Uingereza ikasimamisha ule ushuru wa asilimia 8 kwa maua, hata yanayopitia nchi ya tatu, ila kwa miaka miwili tu, hadi Juni 2026. Waulizeni mabosi wenu na chama chenu cha wafanyakazi wanajipangaje na tarehe kama hizo, kwa sababu waridi halisubiri wanasiasa.

Na hapo Naivasha mjue pia Brexit iliwachelewesha kwa upande mwingine. Julai 2016, wiki chache baada ya ile kura, Tanzania ilisema haisaini mkataba wa biashara kati ya Afrika Mashariki na Ulaya, na moja ya sababu ilizotoa ni hiyohiyo, Uingereza inaondoka. Kenya na Rwanda wakasaini wenyewe Septemba, mkataba ukakwama kwa sababu ulihitaji wote. Mwishowe Kenya ikaenda peke yake na Ulaya, mkataba ukaanza Julai 2024. Mimi naona Tanzania ilikuwa na haki ya kuogopa kwa ajili ya viwanda vyake, mzee Mkapa alilipigia kelele hilo miaka mingi, ila na mfanyakazi wa Naivasha alikuwa na haki ya kuogopa kwa ajili ya mshahara wake.

SWALI: Jambo sana. Mimi mtu wa Bukavu, nilipata karatasi za Ubelgiji nikahamia Manchester 2017. Nilijiandikisha baada ya Brexit wakanikubali ila hawakunipa kadi yoyote. Mwenye nyumba anataka kuona kadi. Nifanye nini? (Msomaji, Manchester)

JIBU: Usiogope, watu wa Ulaya waliojiandikisha hawapewi kadi, hali yako iko kwenye mtandao wa serikali. Ingia kwa pasipoti uliyojiandikishia, toa namba ya kushirikisha (wenyewe wanaiita share code), mpe mwenye nyumba pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa, ataiona mwenyewe. Ile namba inadumu siku 90. Ukibadilisha pasipoti au simu, badilisha na kule, wengi wamekwama hapo. Na kama una ndugu aliyekuwepo kabla ya mwisho wa 2020 akachelewa kujiandikisha, muda wa kawaida uliisha Juni 2021 ila mwenye sababu ya maana bado anaweza kuomba, atafute mshauri wa uhamiaji mwenye kibali, asimlipe mtu wa mtaani.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, nilifanya kazi reli ya Afrika Mashariki hapa Tanga mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Nikisikia habari za Waingereza naona kama zetu. Je, hii Jumuiya ya sasa, nchi ikitaka kutoka inatokaje? (Mzee wa Tanga)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Ya kwenu haikuwa na kura wala tarehe. Nyerere hakukaa meza moja na Amin baada ya mapinduzi ya 1971, pesa za mashirika zikawa haziendi makao makuu, ndege za shirika la pamoja zikasimama mwanzoni mwa 1977, Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kugawana mali na madeni kulikubaliwa Mei 1984. Na nyinyi wafanyakazi mkabaki mnadai, nimewaona wenzako kwenye picha za magazeti wamelala barabarani Dar es Salaam, watu wazima wenye mvi, wanadai walichokitolea jasho ujanani.

Mkataba wa sasa uliosainiwa Novemba 1999 una kifungu chake, cha 145. Nchi ikitaka kutoka, lazima Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, sio theluthi mbili ya waliohudhuria siku hiyo. Kisha itoe taarifa ya maandishi kwa Katibu Mkuu Arusha, isubiri miezi 12, na katika miezi hiyo wajibu wake wote unabaki palepale. Ile kura ya wananchi wa Uingereza ingekuwa na sharti la theluthi mbili, asilimia 51.9 isingetosha. Mimi kifungu hicho nakipenda kwa sababu kinalazimisha watu wazungumze kabla ya kuvunja, ila kuna mtu atasema kinawafunga wananchi wengi waliochoka, na huyo naye ana hoja, Waingereza wa Boston wangemuunga mkono. Tanzania yenyewe ilishatoka COMESA, lile soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, Septemba 2000 bila kuwauliza wananchi kwa kura, na mpaka leo kuna wafanyabiashara wanaosema tulikosea na wengine wanaosema tuliponea.

Na kama nawe bado unadai mzee, nitumie nakala ya barua ya ajira na ya malipo uliyopewa mara ya mwisho kama bado unazo. Nitampelekea mwanasheria anayezijua kesi hizo na majibu yake nitayaandika hapahapa, bila jina lako.